Umbo Linapochagua Elektroni

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Münster, Ujerumani, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Weizmann ya Israeli, walichukua dhahabu wakaivika utando wa DNA. Utando huo ulikuwa na unene wa molekuli moja tu, nyuzi zake zimesimama zimebanana. Kisha wakaimulika kwa leza ya urujuanimno. Mwanga wa namna hiyo ukiipiga dhahabu, elektroni huchomoka. Lakini safari hii elektroni zilikuwa na kizuizi mbele yao: ili zitoke nje, zilibidi zipenye kwanza katikati ya zile nyuzi za DNA. Upande wa pili kilikuwapo kipimo cha kuzitenga kulingana na spini zao, tabia nitakayoieleza hivi punde.

Wakakuta kwamba zilizotoka hazikuwa nusu kwa nusu. Uchaguzi ulizidi asilimia 60. Kwa hesabu ya kawaida, maana yake ni hii: katika kila elektroni 100 zilizopenya, zaidi ya 80 zilikuwa na spini ya upande mmoja, na zilizobaki, chini ya 20, za upande wa pili. Hapakuwa na sumaku iliyofanya kazi hiyo. Hapakuwa na baridi kali ya maabara inayogandisha hata hewa. Ilikuwa halijoto ya chumba. Na DNA imejengwa kwa kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni na fosforasi, atomi nyepesi ambazo hakuna mwanafizikia aliyezitegemea zichague spini kwa kiwango hicho. Kilichokuwapo ni umbo: uzi uliojipinda, unaozunguka ukipanda.

Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Umbo la kitu, bila sumaku na bila metali nzito, linaweza kuamua elektroni ipi ipite kwa wepesi na ipi ipite kwa taabu. Na kwa kuwa kaboni ndiyo inayokubali kupindwa na kuviringishwa kuliko elementi nyingine yoyote, macho ya watafiti sasa yameelekea kwenye kaboni.

Tuanze na spini yenyewe. Elektroni ina tungamo, ina chaji ya umeme, na ina jambo la tatu: ni sumaku ndogo mno. Sumaku hiyo ukiipima kwa mwelekeo wowote uupendao, hukupa jibu moja kati ya mawili, juu au chini. Jibu la katikati halipo. Otto Stern na Walther Gerlach waliliona jambo hili mjini Frankfurt mwaka 1922, walipopitisha mkondo wa atomi za fedha katikati ya sumaku, ukagawanyika sehemu mbili zilizoachana kabisa. Wakati ule hawakuwa na habari za spini. Ilichukua miaka mitatu hadi George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit, vijana wawili wa Leiden, Uholanzi, walipopendekeza kwamba tabia hiyo ni ya elektroni yenyewe. Usiichukulie elektroni kuwa tufe linalozunguka kwa hakika, maana hesabu zinakataa. Ni tabia ambayo elektroni inayo tu, kama ilivyo na chaji yake.

Katika waya wa nyumbani kwako, elektroni za juu na za chini huenda zimechanganyika sawasawa. Taa inatumia chaji, pasi inatumia chaji, na spini haitumiki. Kuna mahali ambapo spini ilishapata kazi. Mwaka 1988 Albert Fert wa Ufaransa na Peter Grünberg wa Ujerumani, kila mmoja na kundi lake, waligundua kwamba tabaka nyembamba za chuma na kromi zikipangwa kwa zamu, upinzani wake kwa umeme hubadilika sana sumaku ikibadilika, na sababu ni spini. Ugunduzi huo ukaingia kwenye visomeo vya diski za kompyuta, na mwaka 2007 wakapewa Nobel. Lakini njia yao inataka metali za sumaku. Utando wa DNA haukutaka.

Sasa njoo kwenye mikono yako. Mkono wa kulia na wa kushoto una vidole vilevile, urefu uleule, lakini huwezi kuulaza mmoja juu ya mwingine ukalingana, viganja vyote vikiangalia chini. Mmoja ni taswira ya mwingine kwenye kioo. Molekuli nyingi ziko hivyo, na wanakemia huziita kirali. Mimi nitaziita molekuli zenye mkono. Louis Pasteur alilithibitisha jambo hili mwaka 1848 huko Paris. Alichukua fuwele za chumvi ya asidi ya tartariki akazichambua moja moja, zenye uso wa kulia huku, za kushoto kule. Alipoziyeyusha kila kundi peke yake, kundi moja liligeuza mwanga uliochujwa kuelekea kulia, na jingine kuelekea kushoto. Mwili wako nao umeshachagua: asidi za amino zinazojenga protini zake ni za kushoto, na sukari iliyomo kwenye DNA ni ya kulia. Kwa nini uhai ulichagua hivyo ni mojawapo ya maswali makubwa ya sayansi, na siku nyingine tutalipa nafasi yake.

Aliyeziunganisha habari hizi mbili, spini na mkono, ni Ron Naaman wa Taasisi ya Weizmann, mjini Rehovot. Mwaka 1999, yeye na David Waldeck na wenzao walichapisha jaribio la kupitisha elektroni kwenye utando wa molekuli zenye mkono zilizotokana na asidi ya amino iitwayo laisini. Elektroni zenye spini ya upande mmoja zilipita kwa urahisi kuliko zenye spini ya upande wa pili, na mkono wa molekuli ulipobadilishwa, upendeleo nao ukageuka. Habari hiyo ilipokelewa kwa mashaka, na mashaka hayo yalikuwa halali kwa sababu nitakazozieleza. Jaribio la Münster la 2011, ambalo nalo Naaman alishiriki, ndilo lililowafanya wengi wageuke kusikiliza.

Twende kwenye kaboni. Sisi wa Tanzania tuna kaboni ardhini ya aina ambayo viwanda vya betri vinaitafuta: madini ya kinywe ya Mahenge, Morogoro, na ya Ruangwa kule Lindi. Kinywe ni tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka ni atomi za kaboni zilizoshikana kwa pembe sita sita. Tabaka moja lililobanduliwa peke yake ndilo liitwalo grafini, ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga Manchester mwaka 2004. Likiviringishwa kuwa mrija wenye kipenyo cha nanomita 1 hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, tunapata mrija wa kaboni. Sumio Iijima, akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya NEC kule Tsukuba, Japani, aliieleza mirija ya kaboni mwaka 1991, na tangu taarifa ile ya kwanza aliona kwamba atomi zake zinapanda kwa mzunguko.

Mtazame mshonaji wa vikapu vya ukindu. Anashika ukili, ule utepe mrefu uliosukwa, anauzungusha na kuuunga na uliotangulia, na kila mzunguko unapanda kidogo. Kikapu kikikamilika, mshono wake umezunguka toka kitakoni hadi mdomoni. Angezungusha kwa upande wa pili, kikapu kingekuwa na ukubwa uleule na ukindu uleule, ila mshono ungepanda kinyume. Mrija wa kaboni uko hivyo hivyo. Ipo mirija michache ambayo mistari yake ya atomi inakwenda sawa, bila kupinda, na hiyo haina mkono. Mingine yote mistari yake inapanda kwa mshazari, ama kulia ama kushoto.

Mshazari huo si pambo. Ndio unaoamua kama mrija utapitisha umeme vizuri kama metali, au utakuwa semikonda, unaopitisha kwa masharti. Kwa wastani mrija mmoja katika mitatu ni wa aina ya kwanza, na miwili ni ya aina ya pili. Hebu fikiri: atomi ni zilezile, kaboni tupu, na kilichobadilika ni pembe ya kuviringisha. Ninaposema kwamba umbo linafanya kazi, ushahidi wa kwanza ulikuwa hapa, kabla hata ya spini kuingia kwenye mazungumzo.

Taabu ni kwamba mirija ikitengenezwa hutoka imechanganyika, ya kulia na ya kushoto, ya metali na ya semikonda. Mikono miwili ikiwa pamoja kwa idadi sawa, upendeleo wa huu unafutwa na upendeleo wa ule. Mwaka 2003 Ming Zheng na wenzake, wakiwa katika kampuni ya DuPont ya Marekani, walionyesha kwamba uzi wa DNA unaweza kujizungushia kwenye mrija wa kaboni, na kwamba kufunikwa huko kunasaidia kuitenganisha mirija kwa aina zake. Sandipan Pramanik na Kazi Alam wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wakaitumia ndoa hiyo kwa shabaha nyingine. Mwaka 2015 walichapisha matokeo yao: mrija wa kaboni uliofungwa DNA ya uzi mmoja ulichuja spini za elektroni zilizopita ndani yake. Mrija ulitoa njia ya umeme, na DNA ikautia mkono.

Hapa tumefika kwenye kiini cha ubishi, nami ningependa tusikipite haraka.

Elektroni inayokwenda kasi karibu na kiini cha atomi huhisi uga wa umeme wa kiini hicho kana kwamba ni uga wa sumaku, na uga huo unaigusa spini. Hiyo ndiyo njia inayojulikana ya mwendo kuathiri spini pasipo sumaku ya nje. Nguvu yake hukua haraka sana kadiri atomi inavyokuwa nzito. Dhahabu, yenye protoni 79, inayo nyingi. Kaboni ina protoni 6, na mguso wake kwa spini ni hafifu mno. Tena, karibu asilimia 99 ya kaboni yote ni kaboni-12, ambayo kiini chake hakina spini yoyote. Kwa sababu hizo, kwa miaka mingi kaboni ilisifiwa kuwa mahali pazuri pa kuihifadhi spini, maana haitaisumbua. Lakini kile kinachoifanya iwe mlinzi mzuri ndicho kilichopaswa kuifanya ishindwe kuchagua. Kisichogusa spini kitaichujaje?

Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Cornell, Ferdinand Kuemmeth na wenzake waliipima elektroni moja moja ndani ya mrija wa kaboni uliokuwa safi, kwenye baridi kali. Wakaona kwamba uviringo wa mrija wenyewe unaukuza ule mguso kupita ulivyo kwenye grafini iliyolala. Elektroni inayozunguka mrija kwa upande mmoja ilikuwa na nishati tofauti kidogo kutegemea spini yake. Kwa hiyo umbo lina mchango, hilo si la kubishaniwa. Ila tofauti waliyoipima ilikuwa 0.37 ya sehemu moja ya elfu ya elektronivolti. Joto la chumba peke yake huzitikisa elektroni kwa nishati ya sehemu 25 hivi za elfu za elektronivolti, karibu mara 70 ya hiyo. Kwa kipimo hicho joto lingepaswa kuuzamisha uchaguzi wote, na majaribio ya molekuli zenye mkono yanafanyika katika joto hilohilo.

Baadhi ya wananadharia wakasema: basi si molekuli inayochagua, ni dhahabu iliyo chini yake, yenye mguso mkubwa wa spini. Binghai Yan wa Weizmann na wenzake, mwaka 2021, walijenga nadharia ambayo molekuli huchuja mwelekeo wa mzunguko wa elektroni, kisha metali nzito iliyo kwenye kiungo ndiyo inayougeuza mwelekeo huo kuwa spini. Ni fikra nzuri. Lakini tayari mwaka 2018 kundi la Münster, kwa kutumia heliseni, lilikuwa limeleta matokeo yasiyoikubali kwa urahisi.

Heliseni ni molekuli ninayoipenda kuliko zote katika habari hii. Chukua mapete ya kaboni yenye pembe sita, uyaunganishe ubavu kwa ubavu kwa kupinda. Ukifika pete ya sita, unakuta sehemu ya nafasi yake imeshakaliwa na pete ya kwanza, hivyo molekuli inalazimika kupanda juu na kuwa msokoto. Melvin Newman na Daniel Lednicer waliitengeneza ile ya mapete sita huko Ohio na kuitangaza mwaka 1956. Hamna ndani yake ila kaboni na haidrojeni. Watafiti wa Münster walitumia ya mapete saba, wakaiweka juu ya shaba, juu ya fedha, na juu ya dhahabu. Spini zilichaguliwa kwa asilimia 6 hadi 8, na mkono ulipogeuzwa uchaguzi ukageuka. Metali ya chini haikuleta tofauti ya maana, ilhali shaba na dhahabu zimeachana mbali kwa nguvu ya kugusa spini. Kisha mwaka 2023 kundi la Michael Wasielewski la Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, likaiondoa metali kabisa: elektroni ilihama ndani ya molekuli moja, toka ncha moja hadi nyingine, kupitia daraja lenye mkono, na alama ya uchaguzi wa spini ikaonekana.

Bado nadharia moja inayokubaliwa na wote haijapatikana. Wako wanaotegemea mitikisiko ya molekuli, wako wanaotegemea elektroni kusukumana zenyewe kwa zenyewe. Kundi la Bart van Wees la Groningen, Uholanzi, lilikumbusha kwamba sheria za ulinganifu zinakataza saketi yenye ncha mbili, kwenye volti ndogo kabisa, kubadili upinzani kwa kugeuza sumaku tu, hivyo baadhi ya vipimo vilivyotangazwa vinahitaji maelezo mengine. Mimi naona ukumbusho huo ni msaada mkubwa. Jambo geni linahitaji watu wa kulibana namna hiyo, na ninawasihi walimu wa fizikia wanaonisikiliza walifundishe likiwa hivyo lilivyo: majaribio mengi yanayokubaliana, na maelezo ambayo hayajakamilika.

Wengi wanaoandika juu ya spini hukimbilia kompyuta za kesho. Mimi naomba tuyaangalie maji kwanza.

Tunapotaka haidrojeni safi ya kuwa nishati, tunaipasua molekuli ya maji kwa umeme. Upande mmoja hutoka haidrojeni, upande wa pili oksijeni, na ni upande wa oksijeni unaokwamisha. Kwa nadharia volti 1.23 zinatosha, kwa vitendo zinahitajika zaidi, na ziada hiyo ni gharama. Sehemu ya tatizo ni spini. Molekuli ya oksijeni tunayoivuta ina elektroni mbili ambazo spini zake zimeelekea upande mmoja. Kwenye elektrodi ya kawaida, vipande vya maji vilivyopasuliwa hukutana na spini zozote. Zikiwa zimepingana, vipande viwili huungana kirahisi kuwa haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoharibu elektrodi. Zikiwa zimeelekea pamoja, njia hiyo hufungwa na ya oksijeni hufunguka.

Aliyelifanyia kazi jambo hili kwa mikono yake ni Wilbert Mtangi, mwanafizikia wa Zimbabwe, alipokuwa na Naaman kule Weizmann. Katika taarifa ya mwaka 2015, yeye na wenzake walionyesha kwamba elektrodi iliyopakwa molekuli zenye mkono inapasua maji kwa volti pungufu. Mwaka 2017, pamoja na kundi la Bert Meijer la Eindhoven, wakaonyesha kwamba elektrodi za oksidi ya titani zilizovikwa molekuli zenye mkono zinakomesha utokeaji wa haidrojeni peroksaidi. Zikivikwa molekuli zisizo na mkono, peroksaidi inatokea. Ningetamani jina la Mtangi lijulikane na kila mwanafunzi wa sayansi wa sekondari kuanzia Mtwara hadi Kisumu.

Kaboni nayo imeingia kwenye kazi hiyo. Mwaka 2022 Magalí Lingenfelder na wenzake wa Lausanne, Uswisi, walichukua elektrodi zenye nikeli, aina ambayo ni ya bei nafuu, wakazipaka heliseni yenye mapete saba iliyotiwa pia salfa. Kwa volti ileile, utoaji wa oksijeni uliongezeka zaidi ya maradufu. Tabaka la molekuli zilizojipinda, juu ya metali ya kawaida, na maji yanapasuka kwa wepesi zaidi.

Kazi iliyobaki ni nzito. Heliseni hutengenezwa kwa hatua nyingi na kwa kiasi kidogo, na kuzitenga za kulia na za kushoto ni gharama juu ya gharama. Elektrodi ya kiwandani inatakiwa ifanye kazi kwa miaka, ndani ya maji makali yenye alkali, na tabaka la molekuli linaweza kubanduka. Hapa ndipo ninapoiona nafasi ya mirija ya kaboni, kwa kuwa mkono wake umo ndani ya ukuta wenyewe na hauwezi kubanduka bila mrija kuvunjika. Jaribio ninalolitamani ni la elektrodi tatu ndani ya maji yaleyale: ya kwanza ya mirija ya kulia mitupu, ya pili ya kushoto mitupu, ya tatu yenye mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Mbili za kwanza zikipunguza peroksaidi kwa kiasi kimoja na ya tatu isipunguze, tutakuwa tumeona mkono wa kaboni ukifanya kazi wenyewe, bila DNA wala heliseni. Zote tatu zikitoa peroksaidi sawa, basi uviringo wa mrija hautoshi, na itabidi kaboni iendelee kuazima mkono kwa molekuli nyingine.